Mke nesi, mume fundi wa stima: kuhamia Ujerumani kutoka Kenya bila kukwama kwenye karatasi

Swali: "Mke wangu ni nesi mwenye diploma ya KRCHN (uuguzi wa afya ya jamii). Amepata mkataba na hospitali moja karibu na Kassel, Ujerumani. Mkataba unasema ataanza kama msaidizi wa wauguzi mpaka cheti chake kitambuliwe. Mimi ni fundi wa stima hapa Nakuru, nina diploma na uzoefu wa kazi. Bado hatujajaliwa mtoto. Je, tusafiri pamoja au atangulie? Tukifika tuanzie wapi? Na mimi nitapata kazi kweli, au nitakaa nyumbani nikimngoja mke atoke zamu?"

Jibu: Ndugu yangu, atangulie yeye, nawe umfuate baada ya miezi minne hadi sita. Karatasi zako, hata hivyo, anza kuzishughulikia sasa, kabla yeye hajapanda ndege.

Sababu kubwa ni aina ya kibali. Kwa kuwa cheti chake hakijatambuliwa kikamilifu, mkeo hataingia kama mtaalamu kamili. Ataingia kwa kibali cha kukamilisha utambuzi, kile cha kifungu cha 16d cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani. Hilo linakugusa wewe moja kwa moja. Mwenzi wa nesi aliyekwisha kutambuliwa haulizwi cheti cha Kijerumani wala ukubwa wa nyumba. Mwenzi wa mtu wa 16d kwa kawaida huulizwa vyote viwili: cheti cha A1 (ngazi ya kwanza ya Kijerumani), na nyumba ya kuwatosha, ambayo ofisi nyingi huipima kwa mita za mraba 12 kwa kila mtu mzima.

Halafu kuna hesabu ya pesa. Msaidizi wa wauguzi akilipwa euro 2,800 kabla ya makato, mkononi hubaki kama 1,900. Ofisi ya wageni huanzia kwenye kiwango cha serikali cha kujikimu, ambacho mwaka 2026 ni euro 506 kwa mwezi kwa kila mwanandoa, kisha hujumlisha kodi ya nyumba pamoja na joto. Nyumba ya euro 650 inafikisha jumla ya 1,662. Mnapita, lakini kwa nafasi ndogo, maana ofisi inaweza pia kupunguza sehemu ya mshahara kabla ya kulinganisha. Nyumba ya euro 950 inawaangusha palepale. Ndiyo maana inafaa mkeo afike kwanza, apate nyumba ya bei inayoingia kwenye hesabu hiyo na akusanye hati za mshahara za miezi mitatu, ndipo maombi yako yasimame juu ya kitu kinachoonekana.

Mkataba wa uhamiaji wa Kenya na Ujerumani uliosainiwa Berlin tarehe 13 Septemba 2024 haubadilishi hesabu hii. Zile "ajira 250,000" zilizoenea mitandaoni, wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilizikanusha. Atakayewaomba pesa ili awaingize "kupitia mkataba" mwepukeni.

Cheti cha ndoa na majina

Kila kitu chako wewe kitaning'inia kwenye cheti cha ndoa: viza, bima ya afya, daraja la ushuru. Kama mlioana kimila, mahari ikatolewa na wazee wakaketi, lakini hamkusajili, basi mezani kwa afisa wa viza hamna ushahidi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka ndoa ya kimila nayo isajiliwe. Fanyeni hivyo kabla mkeo hajaomba viza, ili fomu yake iseme ameolewa. Ndoa iliyokuwapo kabla ya kibali kutolewa ina njia nyepesi kisheria kuliko ile iliyofungwa baadaye, na mtu aliyejaza "sijaolewa" kwa haraka akidhani anarahisisha mambo hujikuta akiulizwa mume alitoka wapi.

Pangeni hati zote mezani mzisome herufi kwa herufi: pasipoti, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, diploma, leseni ya baraza la wauguzi, cheti cha ndoa. Tatizo la kawaida ni jina la baba kwenye diploma, jina la mume kwenye pasipoti, na herufi moja iliyokosewa kwenye cheti cha kuzaliwa. Kenya tunaelewana; Ujerumani hao wanaweza kuhesabiwa watu watatu. Rekebisheni mkiwa nyumbani, kwa hati ya kiapo au cheti kipya. Mjue pia kwamba Ujerumani haithibitishi hati za Kenya kwa kuzigonga muhuri wa ubalozi. Ofisi ikitaka uhakika huagiza uchunguzi kupitia ubalozi wao Nairobi, na mtu hutumwa kwenda kuangalia rejista hati ilikotoka. Uchunguzi huo hula miezi kadhaa, na gharama ni yenu. Hati safi ndiyo kinga pekee.

Tafsiri za Kijerumani zifanywe na mfasiri aliyeapishwa. Hati asili zisafiri kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la chini ya ndege.

Nyumba

Hospitali nyingi humpa nesi mgeni chumba katika hosteli ya wafanyakazi. Kwa miezi ya mwanzo huo ni msaada mkubwa, kwa sababu kupanga nyumba ukiwa bado Kenya ni vigumu mno, na anayekutaka utume dipoziti kabla hujaiona nyumba wala kuushika ufunguo ni tapeli. Ila chumba cha hosteli ni cha mtu mmoja. Mkiingia wawili, msimamizi anaweza kukataa kukusainia karatasi ya usajili, na bila usajili hutasonga popote. Kwa hiyo mkeo atumie miezi yake ya kwanza kutafuta nyumba ya vyumba viwili, mita za mraba 45 hadi 55.

Asome tangazo kwa makini. Kaltmiete ni kodi tupu. Warmmiete ni kodi pamoja na joto, takataka na kwa kawaida maji. Stima na intaneti mnalipa kando. Dipoziti haiwezi kuzidi kodi tupu ya miezi mitatu, na sheria inawaruhusu kuilipa kwa awamu tatu, ya kwanza mnapoanza kupanga. Nyumba nyingi hukodishwa bila jiko kabisa: unaingia na kukuta ukuta, bomba la maji na waya wa jiko la stima. Aulize kama kuna Einbauküche, yaani jiko lililojengewa ndani, kwa sababu kununua sinki, makabati na jiko, hata vya mitumba, ni mamia ya euro ambayo hamkuyapangia. Siku ya kupokea ufunguo, andikeni na mwenye nyumba hali ya kila chumba, pigeni picha, na mnakili namba za mita zote.

Baridi ikiingia, jihadharini na ukungu ukutani. Wapangaji wengi wageni hugombana na mwenye nyumba kwa sababu yake. Mvuke wa kupika, kuoga na nguo zilizoanikwa ndani ukikutana na ukuta baridi, ukungu mweusi huota kwenye pembe na nyuma ya kabati. Dirisha lililoachwa wazi kidogo kutwa nzima halisaidii, linapoza ukuta tu. Zima kipasha joto, fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, kisha funga na uwashe tena. Fanyeni hivyo mara mbili au tatu kwa siku, na msibandike kabati kwenye ukuta wa nje. Acheni nafasi ya kupitisha ngumi.

Wiki za kwanza, na barua

Ndani ya wiki mbili tangu kuhamia kwenye nyumba, kila mmoja wenu lazima ajisajili katika ofisi ya wakazi ya mji. Wanaiita Anmeldung. Mkataba wa nyumba peke yake hautoshi. Wanataka karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba iitwayo Wohnungsgeberbestätigung, pamoja na pasipoti na cheti cha ndoa kilichotafsiriwa. Miadi ya ofisi huweza kujaa, kwa hiyo wekeni mapema mtandaoni.

Fomu itawauliza dini. Hapa Wakenya wengi hujibu bila kujua matokeo. Ukiandika Mkatoliki au Mlutheri, utakatwa ushuru wa kanisa, ambao katika jimbo la Hesse, ilipo Kassel, ni asilimia 9 ya ushuru wako wa mapato (ya ushuru, si ya mshahara). Kama ni muumini wa kanisa hilo, jibu ni hilo na pesa hizo huendesha kanisa lako. Ninalotaka ni mjue kabla ya kusaini, kwa sababu kujitoa baadaye ni kujitoa kanisani rasmi, mbele ya ofisi ya serikali. Makanisa mengi ya kipentekoste hayamo kwenye mfumo huo.

Baada ya usajili, kila kitu kitakuja kwa posta: namba ya ushuru yenye tarakimu 11, kadi ya bima, namba za siri za benki, miadi ya ofisi ya wageni. Na posta wa Ujerumani huangalia jina kwenye sanduku la barua. Kama sanduku lina jina la ukoo la mkeo peke yake na barua imeandikwa jina lako, itarudi ilikotoka. Sisi Wakenya, mume na mke mara nyingi hatuna jina moja la mwisho. Bandikeni majina yote mawili siku ya kwanza, kwenye sanduku na kwenye kengele ya mlango, yakiwa yameandikwa kama kwenye pasipoti. Barua ya njano ni barua rasmi iliyoandikwa tarehe ya kufikishwa, na muda wa kupinga huanza siku hiyo, hata kama hamjaifungua.

Namba ya ushuru ikichelewa, mwajiri huweza kumkata mkeo kwa daraja la ushuru la VI, lenye makato makubwa kuliko yote. Pesa hizo hurekebishwa namba ikifika, lakini mwezi wa kwanza utauma. Aende na akiba ya miezi miwili.

Mtapokea pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Hulipwa mara moja kwa kila nyumba, hata kama hamna televisheni. Ukifika nawe utaandikiwa yako. Usilipe mara ya pili wala usiitupe; jibu kwamba nyumba inalipiwa tayari, na uandike namba ya mkeo ya malipo.

Bima na daraja la ushuru

Bima ya afya ya umma hukatwa asilimia 14.6 ya mshahara pamoja na nyongeza ya kampuni ya bima, na mwajiri hulipa nusu. Wewe unaingia chini ya bima ya mkeo bila kulipa, mradi unaishi Ujerumani na mapato yako hayapiti euro 565 kwa mwezi kwa mwaka 2026, au 603 ikiwa ni kazi ndogo ya aina ya minijob. Hilo haliji lenyewe: mkeo lazima ajaze fomu na kuambatisha cheti cha ndoa. Ukianza kazi ya kawaida unapata bima yako mwenyewe.

Ukiwa bado Nakuru, mkeo atakatwa ushuru kwa daraja la I, kama mtu asiye na ndoa. Ukishajisajili, nyote mnawekwa daraja la IV. Ikiwa kwa muda anaingiza kipato yeye peke yake, mnaweza kuomba yeye awe III na wewe V, na mshahara wake wa mkononi utapanda mara moja. Ila mkichagua hivyo lazima mwasilishe hesabu za ushuru, kwa kawaida kabla ya tarehe 31 Julai ya mwaka unaofuata. Ukianza kazi ukiwa daraja la V, utakatwa sana, na posho ya kukosa kazi, inayopigwa kwa mshahara wa mkononi, itakuwa ndogo. Kwa hiyo ukipata ajira ya maana, rudini IV. Jambo la faida ambalo wengi hawalijui: hata ukifika Desemba, mnaweza kuwasilisha pamoja kama wanandoa kwa mwaka ule mzima. Mshahara wako wa Kenya wa mwaka huo utatajwa ili kupanga kiwango, basi weka hati zake.

Kazi yako

Sasa swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo linalokukosesha usingizi. Kisheria unaruhusiwa kufanya kazi yoyote tangu siku ya kwanza. Kwenye viza yako ya mwenzi tafuta maneno "Erwerbstätigkeit erlaubt" (kazi imeruhusiwa); yasipokuwepo, uliza kabla ya kuondoka Nairobi. Kizuizi chako ni lugha. Mwenye kampuni ya stima hawezi kukutuma kwa mteja usiyeelewana naye, wala kukuacha karibu na ubao wa umeme kama huelewi neno la onyo.

Tumia miezi ya kungoja kusoma Kijerumani. Mtihani wa A1 upo Goethe-Institut Nairobi. Ukiupita usiache, endelea A2. Ukifika, ofisi ya wageni ikupe hati ya haki ya kozi ya Integrationskurs. Kwa kawaida ni vipindi 700, 600 vya lugha na 100 vya sheria, historia na maisha ya nchi. Ada ni euro 2.29 kwa kipindi, na ukifaulu mtihani wa mwisho ndani ya miaka miwili unaweza kuomba kurudishiwa nusu. Haki hiyo huisha baada ya mwaka mmoja, kwa hiyo usiiweke kabatini. Kozi ya mchana ya vipindi 20 hadi 25 kwa wiki huchukua miezi saba hadi tisa, na ukifika na A2 wanaweza kukupandisha hatua. Najua kishawishi cha kukimbilia kazi ya bohari ili usimtegemee mke. Saa chache jioni ni sawa. Ukienda kutwa nzima bila lugha, huenda ukabaki bohari kwa miaka.

Ufundi wa stima kwa mtu aliyeajiriwa hauhitaji kibali cha taaluma, kwa hiyo unaweza kuanza kama msaidizi, Elektrohelfer. Mshahara wa fundi kamili unahitaji utambuzi. Milango ni miwili: ukiwa umefanya zaidi waya za majumba, ni Handwerkskammer, yaani chemba ya mafundi, ya eneo mtakaloishi, ukiwa wa viwandani, mota na paneli, ni IHK FOSA, ofisi ya chemba za biashara ya kutambua vyeti vya kigeni, iliyoko Nürnberg, ambayo hutoza kati ya euro 100 na 600. Maombi unaweza kuyatuma ukiwa Nakuru.

Kinachoamua ni barua za kazi. Barua inayosema "ni mchapakazi na mwaminifu" haisaidii kitu. Mwombe kila mwajiri aandike kwenye karatasi yenye nembo: tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, na kazi zenyewe, kwa mfano kufunga paneli za umeme wa fezi tatu, kuunganisha mota, kupima ardhi na kinga ya waya, kusoma michoro, kutafuta hitilafu. Ambatisha matokeo ya masomo yote pamoja na silabasi, na vyeti vya NITA (mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani) kama unavyo. Wengi hupewa utambuzi wa sehemu, na orodha ya yanayokosekana. Tegemea kukuta humo upimaji wa awali na uandishi wa ripoti zake kwa kanuni ya DIN VDE 0100-600.

Jambo la usalama, ulishike kabla hujagusa waya: kwenye mfumo wa zamani wa nyekundu, njano na buluu ulio katika majengo mengi ya kwetu, buluu ni fezi. Ujerumani buluu ni nyutro. Fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu. Ardhi ni kijani na njano. Na katika majengo yao ya kabla ya 1965 unaweza kukuta waya mwekundu ukiwa ndio wa ardhi. Pima kila mara, usiamini rangi.

Leseni ya udereva nayo ishughulikie mwezi wa kwanza, kwa sababu mafundi huzunguka na gari la kazi. Leseni ya Kenya hutumika miezi sita tu tangu uhamie, na haibadilishwi moja kwa moja. Utafanya mtihani wa nadharia, unaopatikana hata kwa Kiingereza, na wa barabarani kwa Kijerumani, kupitia shule ya udereva. Kwa kuwa una leseni tayari, hulazimiki kumaliza idadi ya masomo ya anayeanza. Kipimo cha macho na kozi ya huduma ya kwanza ni lazima.

Mkataba wa mkeo

Kibali cha 16d hutolewa hadi miezi 24, na kinaweza kuongezwa 12. Ndani ya muda huo lazima afike ngazi ya B2 ya Kijerumani na afunge mapengo yaliyoandikwa kwenye uamuzi wa utambuzi, ama kwa mafunzo ya kujazia ama kwa mtihani wa maarifa, ambao ni wa mdomo na wa vitendo wodini na hurudiwa mara moja tu. Akimaliza, mshahara unapanda na anahamia kibali cha mtaalamu. Miaka mitatu ya kibali hicho humfungulia njia ya ukaazi wa kudumu. Kibali chako wewe hufuata chake. Haki yako ya kujitegemea huja baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja kule kama wanandoa. Akipoteza kazi, ofisi ya wageni lazima iarifiwe ndani ya wiki mbili. Kunyamaza ndiko kunakogeuza tatizo la ajira kuwa tatizo la ukaazi.

Kama bado hajasaini, aiandikie hospitali barua pepe leo. Ni nani anayelipa mtihani, kozi ya B2 na saa za kusoma, na je, saa hizo zinahesabiwa kazini? Je, kuna kipengele cha kurudisha gharama akiondoka mapema, kwa kiasi gani, na je, deni hupungua kila mwezi anaofanya kazi? Je, chumba cha hosteli ni cha muda gani, kodi yake ni ngapi, na je, mume anaweza kusajiliwa humo wakati mnatafuta nyumba? Kama amekwisha kusaini, aulize vilevile, na majibu yote yawe kwa maandishi.